Seva ya nyumbani: diski moja inajitoa kwenye bwawa kila nikinakili mzigo mkubwa, mchawi nani?

#1 Mtunza Mikanda
Wakuu, salaam. Seva ya muvi, muziki na picha za familia. Mashine ni ya mtumba, i5-8500, ramu GB 16, SSD ndogo ya mfumo, na diski nne za TB 4: tatu IronWolf ST4000VN006, moja Barracuda ST4000DM004. Mbili zimechomekwa kwenye mazabodi, mbili kwenye kadi ya PCIe ya matundu sita yenye chipu ya ASM1166. Mfumo ni OpenMediaVault 7, bwawa (pool) la ZFS la RAIDZ1, yaani diski zote nne zinatumika kama moja na moja ikifa data inabaki, na Jellyfin ya kutazamia muvi juu yake.

Nikinakili mzigo mkubwa, tuseme GB 500 kwa mkupuo, baada ya kama saa moja diski moja inajitoa. Logi inasema:

ata5.00: failed command: WRITE FPDMA QUEUED
ata5: hard resetting link
ata5: SATA link up 3.0 Gbps

Halafu zpool status inaniandikia DEGRADED, yaani bwawa limepungukiwa diski. Nikizima na kuwasha diski inarudi, napiga zpool clear, inajisawazisha dakika chache, kimya hadi mzigo mwingine. Diski inakufa au kuna mchawi mwingine?

#2 Perege
Bwawa? Unafuga sato humo?
Mchawi umemtaja mwenyewe hapo juu. DM004 ni SMR. Itoe, uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Rafu
Naongezea kwa Perege, maana wengi hununua hizo kwa kuangalia bei tu. SMR maana yake mistari ya data imepandana kama bati za paa. Ukitaka kubadili bati la chini, sharti uinue na ya juu yake. Diski inaficha hilo kwa kuwa na eneo la akiba linaloandikwa haraka. Mzigo mdogo huoni tofauti. Mzigo wa mamia ya GB ukijaza eneo lile, diski inaanza kupanga upya ndani kwa ndani na haijibu mtu. Keneli ya Linux inasubiri sekunde 30, ikichoka inapiga riseti. ZFS ikiona makosa yamezidi, inaitoa diski nje.

Mwaka 2020 ndipo ilipojulikana kwamba WD Red za kawaida za TB 2 hadi 6 (zile EFAX) zilikuwa SMR bila kuandikwa kwenye boksi. Waliojaribu kujenga upya safu ya ZFS kwa WD40EFAX walitumia zaidi ya siku 9, kazi ambayo diski ya CMR (mistari haijapandana) humaliza ndani ya siku moja. Baada ya kelele hizo ndipo jina la Red Plus likaja kwa zile za CMR. IronWolf zote ni CMR, hizo tatu zako hazina neno.

#4 Binti Keneli
Mzee wa Rafu, maelezo yako ni sahihi ila hayalingani na logi. Someni mstari wa tatu: kiungo kimerudi kwa 3.0 Gbps. Diski hiyo ni ya 6.0. Mara nyingi keneli inashusha kasi pale inapoona mawasiliano yenyewe yana makosa, biti zinapotea njiani. Diski ya SMR iliyochoka inachelewa kujibu, haiharibu njia. Hapa tafuteni kebo, tundu, kadi au umeme.

Mtunza, tupe smartctl -A (rekodi ya afya, SMART) ya kila diski. Namba 5, 197 na 198 zinahusu sahani yenyewe. Namba 199 inahusu kebo. Leta zote nne, sio ya mmoja.

#5 Zege Halilali
Naweka kambi hapa. Kahawa ipo.

#6 Sumaku
Swali dogo kabla hamjahukumu: nani kasema ata5 (jina la tundu kwenye logi) ndiyo Barracuda? Mtunza hajasema, mmedhani tu.

Piga hii: ls -l /sys/block/sd* na utaona kwenye njia yake neno ata5 linaishia kwenye sd gani. Kisha smartctl -i ya hiyo sd ikupe seriali namba. Usiamini sdb ya jana kuwa ndiyo sdb ya leo, herufi zinagawiwa kwa atakayewahi kujibu wakati wa kuwaka. Ukishajua, chukua makapeni uandike tarakimu nne za mwisho za seriali kwenye ubavu unaoonekana bila kuchomoa diski. Siku ya msiba ndiyo watu huchomoa diski nzima na kuiacha mbovu ndani.

#7 Mtunza Mikanda
Sumaku, nimeinama hapa. ata5 ni IronWolf, iko kwenye kadi. Barracuda iko kwenye mazabodi na haina kosa hata moja.
5, 197, 198 ni sifuri kwa zote. 199 ni 41 kwa hiyo ya ata5, nyingine sifuri.

#8 Perege
Nafuta kauli. Nusu.
Nusu nyingine naibakiza: RAIDZ inaandika kwa zote pamoja, kwa hiyo Barracuda ikilala, wengine wote wanamsubiri.

#9 Binti Keneli
Wanamsubiri, ndiyo. Kumsubiri jirani hakukatishi simu yako. Hata hivyo nakubaliana nawe, hiyo DM004 itamtesa siku ya kubadili diski. Ni tatizo la pili, si hili.

#10 Chumvi Hewani
Salaam kutoka Mombasa. Hiyo 41 haishuki kamwe hata ukibadilisha kebo, kwa hivyo usishtuke wiki ijayo ukiiona palepale. Iandike kwa karatasi na tarehe, piga mzigo, soma tena. Ikipanda, bado uko na shida. Ikibaki, imepona.

Kebo mbaya zinajulikana: hazina kile kibati cha kujifunga, ni nyepesi, na plagi inacheza ukiisukuma kwa kidole. Usizifunge fungu moja kwa zipu-tai ukaona umepanga kazi safi, hazipendi kubanwa pamoja wala kukunjwa kona kali. Na kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada: hewa ya bahari inaweka ukungu wa kijani kwenye pini. Chomoa, chomeka mara tatu nne, unasugua pini. Wakati mwingine hiyo pekee inatosha na mtu anadhani kebo mpya ndiyo imetibu.

#11 Fundi Volti
Mmezungumza data tu. Hakuna aliyeuliza umeme wa diski unatoka wapi. Mashine za ofisini za mtumba pawa saplai zake huwa za kiwandani, hazina mikia ya diski. Mtunza, diski nne umezilisha vipi?

#12 Mtunza Mikanda
Ni kweli mkuu. Umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi kwa waya mmoja. Nimeweka splita ya moja kwenda nne.

#13 Fundi Volti
Nilijua.

Hesabu ni hii. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Nne ni ampea 8. Plagi moja ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini ampea 1.5, jumla 4.5. Unapitisha ampea 8 kwenye mlango wa 4.5 kila ukiwasha, na mlango wenyewe uko kwenye mazabodi, si kwenye pawa saplai.

Angalia na aina ya splita. Kuna zile za plastiki iliyomiminwa, huoni waya zinavyoingia. Ndani ya plastiki waya zinaweza kuwa zimesogeleana, na hizo zinayeyuka mpaka zinashika moto. Tafuta zile ambazo kila waya unaonekana ukibanwa kwenye pini yake. Bora zaidi, pawa saplai ya kawaida ya ATX yenye mikia miwili tofauti, diski mbili kila mkia. Ila kwa mazabodi za ofisini utahitaji adapta maana plagi kubwa si ile ya pini 24.

#14 Sumaku
Fundi, mvuto wa ampea 2 ni wa sekunde chache za mwanzo. Zikishazunguka, zote nne kwa pamoja hazifiki hata wati 25 wakati wa kuandika. Yake inajitoa baada ya saa moja ya kunakili. Kama ni splita, ingekataa wakati wa kuwasha.

#15 Fundi Volti
Wakati wa kuwasha ndipo pini inapoungua kidogo kidogo. Pini iliyoungua ina ukinzani, ukinzani unaleta joto, saa moja ya mzigo inatosha joto kupanda na volti kushuka. Gusa plagi baada ya saa moja ya kunakili. Ikiwa ya moto au plastiki nyeupe imegeuka rangi ya chai, umepata jibu.

Ushahidi mwingine uko kwenye SMART: namba 12 inahesabu diski imewashwa mara ngapi. Riseti ya keneli haiongezi 12. Diski kukosa umeme inaongeza. Linganisha ya ata5 na wenzake.

#16 Mtunza Mikanda
ata5: 96. Wengine: 58, 58, 57.
Lakini niseme ukweli, hiyo ya 96 ilikaa miezi miwili kwenye kasha la USB kabla sijaiingiza humu.

#17 Zege Halilali
Hahaha, shahidi kageuka mahakamani.

#18 Fundi Volti
Basi andika 96 kwenye karatasi ya Chumvi pembeni ya ile 41. Zitakazopanda ndizo zitakazosema.

#19 Kiungo Mkabaji
Nimesoma uzi wote, mnaizunguka kadi. Chipu ya ASM1166 yenyewe nzuri, matundu sita ya kweli, haigawanyi tundu moja kwa watano kama kadi za matundu kumi na ishirini ambazo ndani zina JMB575. Kwenye hizo, diski moja ikikohoa majirani wote wanapigwa riseti. Ila kadi za bei poa za ASM1166 zinakuja na hitisinki ya ukubwa wa kucha, nyingine zikiwa na femwea ya zamani.

Kuna na hili la usingizi wa kiungo. Debian inaweza kuacha kiungo cha SATA kilale kuokoa umeme, na baadhi ya kadi haziamki vizuri. Angalia:

cat /sys/class/scsi_host/host*/link_power_management_policy

Ukiona med_power_with_dipm, weka max_performance kwa jaribio:

echo max_performance > /sys/class/scsi_host/host4/link_power_management_policy

ata5 mara nyingi ni host4, kwa sababu ata zinaanza 1 na host zinaanza 0. Ukizima mashine mpangilio unarudi wa zamani, kwa hiyo kwa jaribio hauna hatari.

#20 Sumaku
Kiungo, kinalala vipi wakati ananakili GB 500? Si kiko kazini muda wote?

#21 Kiungo Mkabaji
Hakiko kazini muda wote. ZFS inakusanya maandishi kwenye ramu kisha inayamwaga kwa mafungu, muda wa kawaida ni kila sekunde 5. Netiweki ya gigabiti inakupa kama MB 110 kwa sekunde, diski tatu za data zinameza hiyo haraka kisha zinakaa. Fungu, kimya, fungu, kimya. Kila kimya ni nafasi ya kusinzia. Piga zpool iostat -v 1 uone mwenyewe.

#22 Binti Keneli
Hiyo nimeipenda. Sikuiwaza.

#23 Mtunza Mikanda
Ripoti. Nimebadilisha kebo ya data, nimehamisha ile diski kwenye tundu la mwisho lililobaki la mazabodi, nimeweka max_performance, na nimefunga feni ya sentimita 12 mbele ya diski. Joto limeshuka kutoka 51 hadi 40. Usiku tatu, TB 1.6 zimepita, hakuna riseti. Asanteni sana!

#24 Fundi Volti
Vitu vinne kwa mpigo. Sasa aliyepona kapona kwa dawa ipi?

#25 Perege
Kaenda kwa mganga, kwa daktari, kanisani na msikitini siku moja.

#26 Mbagala 4K
Samahani wenye uzi, naingilia. Seva yangu haina kosa, muvi za 1080p zinapiga safi, ila 4K kubwa kubwa zinakwama kila dakika mbili tatu kwenye TV. TV nimeichomeka kwa waya kabisa, sio Wi-Fi. Ni diski?

#27 Kiungo Mkabaji
Waya ndio unaokuangusha. TV nyingi, hata za bei mbaya, zina tundu la LAN la megabiti 100 tu. Ukitoa gharama za njia unabaki na kama 94. Muvi ya 4K isiyobanwa upya inaweza kuwa na wastani wa megabiti 70 kwa sekunde, lakini sehemu za moto, maji na moshi inaruka juu ya 100. Hapo inakwama. Chomoa waya, tumia Wi-Fi ya 5 GHz ruta ikiwa chumba kimoja au kinachofuata. Nyingine zinakubali adapta ya USB ya gigabiti, hata kwenye tundu la USB 2.0 unapata kama mara tatu ya hiyo LAN.

#28 Mzee wa Rafu
Kabla hajanunua adapta, azime maandishi ya tafsiri kwanza. Yakiwa ya PGS, yaani picha na si herufi, na TV haiwezi kuyachora, Jellyfin inayachoma ndani ya video, kwa hiyo inabadili muvi nzima upya papo kwa papo. Kwenye dashibodi utaona imeandikwa inatranskodi. Tumia SRT, ya herufi. Na kama lazima itranskodi, hakikisha grafiki za Intel zinatumika: mtumiaji jellyfin awe kwenye kundi la render (usermod -aG render jellyfin), na /dev/dri/renderD128 ionekane. Prosesa za kizazi cha 7 kuja juu zinamudu HEVC (mbano wa video za 4K) ya biti 10. Kizazi cha 6 kinaishia biti 8, hapo ndipo wengi hununua mtumba wakajuta.

#29 Mbagala 4K
Nimezima maandishi, bado inakwama. Wi-Fi imekubali. Kumbe nilihangaika na waya bure.

#30 Sumaku
Narudi kwenye bwawa la Mtunza. Kwa muvi, RAIDZ1 ya nini? mergerfs (inaonyesha diski zote kama folda moja) na SnapRAID (inaweka pariti, hesabu ya kurejeshea diski iliyokufa) inatosha. Kila diski ni ext4 inayosomeka peke yake popote, diski za ukubwa tofauti ruksa mradi ya pariti iwe sawa na kubwa kuliko zote au izidi. Zikifa mbili kwenye RAIDZ1 umepoteza vyote, huku unapoteza yaliyokuwa kwenye hizo tu. Hata Barracuda ya SMR huku inaishi kwa amani, maana muvi inaandikwa mara moja na kusomwa miaka.

Mambo mawili tu: ext4 inatenga asilimia 5 kwa ajili ya root, kwenye TB 4 ni GB 200 zimekaa bure, rudisha kwa tune2fs -m 0. La pili, folda ya kupachikia diski ifunge kwa chattr +i ikiwa tupu, diski haijapachikwa. Usipofanya hivyo, siku diski isipoamka muvi zinamwagika ndani ya folda tupu, SSD ya mfumo inajaa, na mashine haiwaki vizuri asubuhi.

#31 Binti Keneli
Na picha za familia? SnapRAID inalinda kilichokuwepo wakati wa sync ya mwisho, yaani pariti ilipohesabiwa. Picha ya leo jioni haina ulinzi hadi sync ya usiku. Na ukifuta au kubadili faili nyingi kati ya sync mbili, uwezo wa kurejesha diski nyingine unapungua, kwa sababu pariti ilihesabiwa na zile za zamani. Muvi weka huko, picha ziache ZFS.

#32 Perege
Picha za familia ziwe na nakala nje ya nyumba, hayo mengine ni mapambo. RAID si bekapu. Nimesema, sirudii.

#33 Mzee wa Rafu
Utarudia.

#34 Zege Halilali
Mbona kuna wanaosema RAIDZ1 haifai kabisa kwa diski kubwa? Eti karatasi za diski zinasema kosa moja kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambayo ni TB 12.5, na akijenga upya anasoma TB 12 kwa hiyo lazima agonge mwamba.

#35 Binti Keneli
Hiyo namba ni kiwango cha chini ambacho mtengenezaji anaahidi, si ratiba ya ajali. Ingekuwa ratiba, skrabu (kusoma na kukagua data yote) ya kila mwezi ya watu wengi humu ingeleta kosa kila mara. Na ZFS ikikutana na kipande kisichosomeka inakutajia faili lililoumia na kuendelea, haitupi bwawa lote. Wanaoogopa waogope kwa sababu nyingine: diski zilizonunuliwa siku moja, toleo moja, zikafanya kazi ileile kwenye joto lilelile, huwa zinachoka karibu wakati mmoja.

#36 Chumvi Hewani
Hamjagusa stima. ZFS haivurugiki kirahisi stima ikipotea, lakini diski inaumia kwa kuzima na kuwaka mara tano jioni moja. UPS ndogo ya betri ya 12V 7Ah ina Wh 84 kwa karatasi. Seva ya wati 45, usihesabu hata nusu saa kwa betri iliyokaa miaka miwili. Weka NUT (programu ya kusikiliza UPS) izime mashine mapema. Dereva ya usbhid-ups ikikataa, jaribu nutdrv_qx, UPS nyingi za bei ya chini zinaongea hiyo.

UPS haina tundu la USB? Chomeka ruta kwa UPS, na kitu kingine chochote chenye anwani ya IP, hata rasiberi kuukuu, kwa ukuta moja kwa moja. Skripti ya seva inapiga ping kile cha ukutani kila dakika. Kikinyamaza mara tatu mfululizo, seva inajizima. Na kwa BIOS usiweke iwake papo hapo stima ikirudi kama kwenu hurudi na kuondoka tena, iwashe mwenyewe au kwa Wake-on-LAN.

Kwa wanaohesabu LUKU: wati 45 saa 24 ni uniti 32 na kidogo kwa mwezi.

#37 Mtunza Mikanda
Wakuu, nimerudi na karatasi. Diski iliyokuwa ata5: 199 bado 41, namba 12 bado 96. Safi kabisa.
Lakini diski iliyobaki peke yake kwenye kadi, ata6, ambayo haikuwahi kusumbua, leo 199 yake ni 3. Namba 12 ya zote nne imeganda. Haijajitoa.

#38 Kiungo Mkabaji
Kadi. Usingizi umeuzima na bado inakosea.

#39 Chumvi Hewani
Kebo ya ata6 ulibadilisha?

#40 Mtunza Mikanda
Hapana. Niliigusa tu nilipokuwa nafunga feni.

#41 Chumvi Hewani
Uliigusa.

#42 Fundi Volti
Splita bado ni ileile? Ulishika plagi?

#43 Mtunza Mikanda
Ileile. Ni vuguvugu, si ya moto. Rangi sina uhakika, ilikuwa nyeupe ya maziwa tangu mwanzo.

#44 Perege
Mimi nasema SMR.

#45 Mtunza Mikanda
Jumamosi napita Kariakoo. Naanza na kebo ya ata6 peke yake, TB 1, nasoma namba. Kisha splita, TB 1 nyingine, nasoma tena. Kadi mwisho.

#46 Sumaku
Kimoja kimoja?

#47 Mtunza Mikanda
Kimoja kimoja mkuu.

#48 Zege Halilali
Kahawa imepoa, napasha nyingine.